Iachieni Mashine Kazi ya Kusema Hapana

Huku Kinanie kila ploti ya pili ina rundo la mchanga langoni. Jirani yangu anajenga, na kila asubuhi nikifungua dirisha kitu cha kwanza ninachokiona ni kamba. Fundi hajagusa jiwe hata moja. Anavuta kamba kutoka pembe hadi pembe, anaweka pima maji, anashusha timazi, ndipo anaagiza simiti ikorogwe. Mafundi wenyewe wamebadilika mara tatu tangu msingi uchimbwe. Wa kwanza alikuwa mwepesi wa mkono, wa pili mpole, na huyu wa sasa ana maneno mengi kuliko mawe. Ukiutazama ukuta huwezi kujua nani alijenga kozi ipi. Na sijawahi kumsikia fundi yeyote akibishana na kamba.

Mimi hujenga programu, katika chumba kinachotazamana na ukuta huo, na kwa karibu mwaka mzima timu yetu ilijenga bila kamba.

Tulikuwa wanne: wawili hapa Kinanie, mmoja Mlolongo, mmoja Mombasa. Kazi ilikuwa mfumo wa hesabu wa muuzaji mmoja wa vifaa vya ujenzi, wa kufuatilia malori ya mawe na ya maji: nani kachukua, kalipa ngapi, anadaiwa ngapi. Kila mmoja aliandika msimbo kwa mwandiko wake. (Nasema msimbo wala sisemi kodi, kwa sababu nikitaja kodi nyumbani kwangu watu humfikiria mwenye nyumba.) Mmoja alijongeza mistari yake kwa nafasi mbili, mwingine kwa nne, na yule wa Mombasa kwa kitufe cha tab, ambacho ukikitamka Kiswahili kinakuwa tabu, na tabu kweli kilituletea.

Siku moja mwenzetu alirekebisha mstari mmoja wa hesabu ya salio. Mstari mmoja tu. Lakini kihariri chake kilikuwa kimewekewa kupanga upya faili zima kila anapohifadhi, kwa mtindo wake yeye. Yaliyonifikia mimi, niliyepangiwa kuipitia kazi hiyo, yalikuwa mabadiliko ya mistari zaidi ya mia tisa, nyekundu huku, kijani kule. Nikasogeza ukurasa, nikasogeza, jicho likachoka, nikaidhinisha. Ndani ya mistari hiyo mia tisa, alama ya kujumlisha ilikuwa imekaa mahali pa alama ya kutoa. Karani wa mteja ndiye aliyeigundua, siku ya tatu, alipoona mtu aliyemaliza deni lake anadaiwa maradufu. Kosa lilikuwa letu, na langu zaidi, maana mimi ndiye niliyetia sahihi.

Ndipo tukaamua kuweka fomata. Haya ninayoyaandika ni yale ambayo ningependa mtu angeniambia kabla ya siku hiyo.

Fomata ni programu inayosoma msimbo wako, ikaelewa muundo wake, ikatupa nafasi na mikato mingi ya mistari uliyoiweka wewe, kisha ikaandika upya kila kitu kwa sheria zake. Haibadilishi kazi ambayo programu inafanya. Inabadilisha sura yake tu. Usiichanganye na mkaguzi wa msimbo, yule anayekuambia kwamba kigezo fulani hakitumiki au kwamba sharti lako halitatimia kamwe. Mkaguzi wa aina hiyo alizaliwa maabara za Bell mwaka 1978, mikononi mwa Stephen Johnson, akaitwa lint. Mkaguzi hunusa hatari, na fomata hunyoosha mistari. Unawahitaji wote wawili, lakini anza na fomata, kwa sababu mkaguzi huleta mijadala na fomata huiua.

Hata hivyo, wakati mwingine kunyoosha mistari peke yake kunafichua hatari. Februari 2014 kampuni ya Apple ilitoa marekebisho ya dharura kwa simu na kompyuta zake. Katika msimbo wa kuhakiki usalama wa mawasiliano, mstari mmoja wa kurukia mwisho wa kazi ulikuwa umeandikwa mara mbili mfululizo. Ule wa pili ulijongezwa kana kwamba uko chini ya sharti lile lile, kumbe haukuwa chini ya sharti lolote. Ulitekelezwa kila mara, na hatua ya mwisho ya kuhakiki sahihi ikarukwa. Jicho liliamini ujongezo, mashine haikuamini. Fomata yoyote ingeusogeza mstari ule kushoto, mahali pake halisi, na mpitiaji angejiuliza unafanya nini pale nje peke yake.

Sasa kuhusu kelele za mtindo upi ni bora. Mwaka 2009 Google walipoitoa lugha ya Go kwa umma, waliifungasha na fomata yake, gofmt, ambayo karibu haina kitu cha kuchagua. Rob Pike, mmoja wa walioibuni lugha hiyo, alikuja kusema miaka kadhaa baadaye kwamba mtindo wa gofmt haupendwi na mtu yeyote, ila gofmt yenyewe inapendwa na wote. Sisi Waswahili hatuna haja ya kwenda California kujifunza hilo. Mwaka 1928 wakubwa wa elimu wa serikali za kikoloni walikutana Mombasa, wakaamua Kiswahili cha vitabuni kifuate Kiunguja. Walikutana Mombasa, nyumbani kwa Kimvita, wakachagua lahaja ya Unguja! Hadi leo ukikaa barazani Mombasa utasikia lalamiko hilo, na wana haki ya kulalamika. Lakini mtoto wa Kisumu na mtoto wa Mtwara hufungua kitabu wakakuta tahajia ile ile. Gharama ililipwa, tena na watu wasioulizwa. Katika mradi wako angalau unaweza kuwauliza.

Waulize, ila usiwaulize mengi. Hapa ndipo timu nyingi hupotea. Wanafungua ukurasa wa mipangilio, wanakuta vitu arobaini vya kuchagua, wanaitisha mkutano, na mkutano unazaa mkutano. Ushauri wangu ni nusu saa, maswali matatu: upana wa mstari, tab au nafasi, na alama za nukuu moja au mbili. Mengine yote chukueni kama chombo kilivyokuja.

Kwenye upana wa mstari, fomata iitwayo Prettier hukupa herufi 80. Mwongozo wa Python wa mwaka 2001, uitwao PEP 8, husema 79. Black, fomata ya Python, hukupa 88, yaani 80 na asilimia kumi juu yake. Hiyo 80 haikushuka kutoka mbinguni. IBM walianza kuuza kadi za kutobolewa zenye safu 80 mwaka 1928, mwaka ule ule wa mkutano wa Mombasa, na kompyuta zilizofuata zikarithi kipimo cha kadi. Kwa hiyo mtu akikuambia 100 ni dhambi, mwambie anatetea karatasi. Sisi tulichagua 100 kwa sababu majina yetu ya vigezo ni marefu, na kwa sababu mmoja wetu ana kioo kidogo cha laptopu ambacho 120 ingekijaza pomoni.

Kwenye tab na nafasi, sitatoa hukumu. Nitasema tu kwamba nimeishi pande zote mbili na hakuna aliyekufa.

Chagueni chombo kwa lugha mnayoandika. Go ina gofmt. Python ina Black, na siku hizi Ruff, ambayo ina kasi zaidi na huufuata mtindo wa Black karibu hatua kwa hatua. JavaScript, TypeScript na CSS, chukueni Prettier. PHP ina PHP-CS-Fixer, na wanaotumia Laravel wanayo Pint. Flutter huja na dart format. Java ina google-java-format, au Spotless ikiwa mnataka kuifunga ndani ya Maven au Gradle. Lugha moja, chombo kimoja. Nimeona mradi wenye vyombo viwili juu ya faili lile lile. Kimoja kinaongeza koma, kingine kinaiondoa, usiku na mchana, kama watu wawili wanaohamisha kiti kimoja.

Chombo kikishachaguliwa, mipangilio yake iandikwe kwenye faili, na faili hilo liishi ndani ya mradi pamoja na msimbo. Lisiishi ndani ya kihariri cha mtu, wala kichwani mwa aliyeanza kazi kabla ya wengine. Mfano mzuri uko karibu nasi. Mwaka 2004 ushirikiano wa kitabibu kati ya Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, na wenzao wa Indiana, Marekani, ulizaa OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa. 2006 ukaanza kutumika huko huko Eldoret. Leo KenyaEMR, inayotumika katika vituo vya afya vya nchi hii, imejengwa juu yake. Waliouandika wametawanyika nchi nyingi na wengi wao hawajawahi kuonana ana kwa ana. Ukishusha kiini chake cha Java utakuta ndani yake faili liitwalo OpenMRSFormatter.xml, lenye sheria za kupanga mistari. Aliye Kampala na aliye Machakos wanapata kamba ile ile siku ile ile wanapopata msimbo. Mtindo wenyewe hutumia tab. Sikuulizwa, na nikiandika huko naufuata.

Kwa Prettier faili hilo ni .prettierrc; kwa Black na Ruff ni pyproject.toml. Ongezeni na .editorconfig, ambalo vihariri vingi hulisoma vyenyewe au kwa kiongezi kidogo, ili hata mtu ambaye hajaweka fomata asianze na ujongezo wa kwao.

Kisha fungeni toleo. Hili watu hulidharau na hulijutia. Prettier ilipofika toleo la 3.0 mwaka 2023, ilibadilisha msimamo wake kuhusu koma ya mwisho wa orodha. Timu yenye mtu mmoja kwenye toleo la 2 na mwingine kwenye la 3 itashuhudia koma zikija na kuondoka kila siku, na kila mmoja ataapa kwamba mashine yake iko sawa. Black nayo huruhusu mabadiliko ya mtindo mara moja kwa mwaka, kwenye toleo la kwanza la mwaka mpya. Kwa hiyo msiandike kwamba mnahitaji toleo la 3 au jipya zaidi; andikeni toleo kamili hadi namba ya mwisho. Kwa npm amri ni hii:

npm install --save-dev --save-exact prettier

Kupandisha toleo iwe kazi ya peke yake, ya siku yake, yenye ombi lake la kuunganisha (pull request).

Kuna mtego mmoja usioonekana kwa macho. Windows humaliza mstari kwa alama mbili, ile ya kurudisha kichwa cha mashine mwanzoni na ile ya kusogeza karatasi, urithi kutoka enzi za mashine za simu za maandishi. Linux na Mac humaliza kwa moja. Siku mtakapoona faili zima limebadilika na mkilitazama halina tofauti hata ya nukta, ndiyo hiyo. Dawa yake ni mstari mmoja kwenye faili la .gitattributes:

* text=auto eol=lf

Mwenzetu wa Mlolongo alitumia Windows, na kwa miezi tulimdhania mzembe. Tulimwomba radhi kwa chai na maandazi.

Sasa tufike kwenye kazi yenyewe nzito, ile ambayo naiita siku ya kufua. Mradi una faili mia mbili zilizoandikwa kwa mitindo minne. Mnazisafishaje? Wengine husema kidogo kidogo, kila faili litakapoguswa. Nimejaribu, na sishauri. Ndiyo njia iliyonizalia ile mistari mia tisa: kila rekebisho dogo linabeba nguo chafu za faili zima. Fueni zote siku moja.

Chagueni siku ambayo maombi ya kuunganisha yaliyo wazi ni machache, na mpunguze yaliyobaki. Endesheni majaribio ya programu, yapite. Endesheni fomata juu ya mradi wote. Endesheni majaribio tena, yapite tena. Kisha hifadhini hayo kama komiti moja (komiti ya Git, si kamati ya harusi), isiyo na kitu kingine chochote ndani yake. Hata koma moja ya kurekebisha kasoro isiingie. Mtu akiniambia kwamba aliona kosa dogo hapo akalirekebisha papo hapo, namwomba alirudishe alete kesho.

Mwenye tawi lake ambalo halijaunganishwa asikate tamaa. Aunganishe kwanza tawi kuu kama lilivyokuwa hatua moja kabla ya kufua. Aendeshe fomata ile ile, toleo lile lile, kwenye tawi lake na kuhifadhi. Halafu aiunganishe ile komiti ya kufua kwa git merge -s ours, ambayo humwambia Git kwamba yaliyomo tayari anayo, kwa mpangilio huo huo. Kuanzia hapo ataendelea na tawi kuu kama kawaida. Wawili wetu tulifanya hivyo mchana mmoja, huku stima ikipotea mara mbili, na hatukupoteza hata mstari.

Lalamiko la kweli kuhusu siku ya kufua ni historia. Ukiuliza Git nani aliandika mstari fulani, itakujibu ni yule aliyefua, na jina lake litatapakaa kila mahali kama rangi iliyomwagika. Tangu Git 2.23 ya Agosti 2019 kuna dawa. Andikeni namba ndefu ya ile komiti kwenye faili liitwalo .git-blame-ignore-revs, kisha kila mmoja aendeshe amri hii kwenye mashine yake:

git config blame.ignoreRevsFile .git-blame-ignore-revs

Git itairuka komiti hiyo na kumtaja mwandishi wa awali. GitHub nayo hulisoma faili lenye jina hilo bila kuambiwa. Msilisahau, maana mtu wa kwanza kutafuta chanzo cha kasoro baada ya kufua atawalaani.

Mradi ukiwa safi, linabaki suala la kuuweka safi. Kuna milango mitatu, na nguvu zake hazilingani.

Mlango wa kwanza ni kihariri: kiwekeni kiendeshe fomata kila mtu anapohifadhi. Huu ni wa raha, unaandika ovyo ovyo, unahifadhi, mistari inajipanga. Wa pili ni ndoano ya kabla ya komiti. Husky pamoja na lint-staged hufanya hivyo kwa miradi ya JavaScript, na pre-commit hufanya kwa lugha nyingi. Hapa nina neno kwa wanaotumia bando: pre-commit hushusha vyombo vyake mara ya kwanza inapoendeshwa, kwa hiyo iendesheni mara hiyo mkiwa penye Wi-Fi, msije mkaikuta inakula bando ya wiki saa nne ya usiku.

Ila milango hiyo miwili mtu anaweza kuiruka. Neno --no-verify kwenye amri ya komiti linatosha kuipita ndoano, na kila mtu hulijua baada ya mwezi mmoja. Mlango wa tatu, ule wa seva, ndio wa kufunga kweli. Kila ombi la kuunganisha likifika, seva iendeshe fomata kwa hali ya kuangalia tu: prettier --check, black --check, dart format --output=none --set-exit-if-changed, pint --test. Haiandiki chochote. Inasema ndiyo au hapana, na ikisema hapana inataja mafaili. Mimi sipendi seva inayojirekebishia msimbo na kuurudisha kwenye tawi la mtu. Mwenye tawi anabaki na toleo la zamani kwenye laptopu yake, anasukuma, anakataliwa, anachanganyikiwa.

Gharama ni ndogo. Akaunti ya bure ya GitHub ina dakika 2,000 kwa mwezi za kuendesha kazi hizi kwa miradi ya faragha, na miradi ya wazi haihesabiwi. Ukaguzi wa fomata huchukua sekunde, ingawa kila kazi huhesabiwa dakika nzima. Jambo moja litawashangaza: kwenye mpango huo wa bure, kuzuia kabisa tawi kuu lisiunganishwe wakati taa ni nyekundu kunapatikana kwa miradi ya wazi tu. Ya faragha mnalipia. Sisi hatukulipia. Tuliahidiana kwa mdomo kwamba hakuna anayeunganisha juu ya nyekundu, na ahadi hiyo imevunjwa mara moja, na mimi.

Hapa niseme lile ambalo miongozo ya vyombo hivi haisemi, kwa kuwa iliandikwa na watu wa mahali pengine. Baada ya muda alikuja kwetu kijana wa atachimenti. Bila fomata angeweza kuona kwamba mkubwa wake amechanganya tab na nafasi, na asingesema. Angesemaje? Aandike, mbele ya watu wote, kwamba samahani mkubwa, hapa umeacha nafasi tatu? Alivyolelewa, na nilivyolelewa mimi, hilo linakaribia utovu wa adabu, na kwa jambo dogo kiasi hicho halifai kuhatarisha barua ya mapendekezo. Upande wa pili nao una kidonda. Mkubwa akimrudishia kijana kazi yake mara tano kwa ajili ya mabano, kijana hasikii habari za mabano. Anasikia kwamba hatakiwi. Nilimfanyia hivyo mtu mmoja zamani na sijasahau uso wake.

Mashine haina umri wala cheo. Haijui nani alimwajiri nani, haimjui binamu wa mteja, wala haikumbuki mlikosana Ijumaa. Ikimwambia mwanzilishi wa mradi hapana, anacheka na kuendesha amri. Siku ya pili ya yule kijana, kazi yangu ilikataliwa na seva na yake ikapita. Akaniambia, “Mkubwa, seva imekukataa,” na wote tukacheka. Na mapitio yetu yamebadilika sura. Kwa kuwa hakuna tena wa kuhesabu nafasi, yule kijana alianza kuuliza maswali ya maana: kwa nini salio linahesabiwa sehemu mbili tofauti, nini hutokea lori likirudishwa. Swali hilo la pili hatukuwa na jibu lake.

Kutakuwa na mahali ambapo fomata inaharibu. Jedwali la namba mlilolipanga safu kwa safu ili lisomeke, itaulipua mpango wake. Kwa hilo kuna ruhusa: Prettier hutii maneno prettier-ignore ndani ya maelezo, Black hutii fmt: off na fmt: on. Itumieni kama ruhusa ya mzazi, kwa nadra na kwa sababu iliyoandikwa pembeni. Mafaili yanayotengenezwa na vyombo vingine, na maktaba za watu mlizozinakili ndani ya mradi, yaorodhesheni kwenye .prettierignore au mahali pake panapofanana, la sivyo siku ya kufua mtafua nguo za majirani pia.

Na kuna yale ambayo haitayagusa kabisa. Mradi wetu una kigezo kiitwacho salioLaMteja, na hatua tatu chini yake kitendo kiitwacho getBalance, vyote vikihusu kitu kimoja. Fomata ilivipanga vizuri sana, kimoja chini ya kingine. Lugha ya majina ni sheria ya binadamu; iandikeni kwenye CONTRIBUTING.md, mstari mmoja, na mwekeni mtu wa kuisimamia. Sisi tumekubaliana maneno ya biashara yawe ya Kiswahili, kwa sababu karani wa mteja husema salio na rejesho, na ya kiufundi yawe ya Kiingereza. Huo mjadala ulituchukua saa mbili, na ulistahili.

Kama mko wawili na mradi una mwezi mmoja, fanyeni haya leo jioni; siku ya kufua itawachukua dakika kumi. Mkisubiri mpaka mfike wanane, mtahitaji wikendi nzima na uvumilivu wa kila mwenye tawi. Faili letu la mipangilio lina mistari mitano, na tangu tuliandike hakuna aliyeomba libadilishwe, hata yule wa Mombasa.